Karatasi Haizai Ndama

Mpanda, 14 Februari 1993

Kwa binti yangu Kija,

Mwangaluka. Mimi mama yako Kabula ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo mvua ikinyesha linanikumbuka. Kaka yako Nyanda ni mzima na anakusalimu. Mke wake Matilda anakusalimu, tumbo lake sasa linaonekana hata akijifunga khanga mbili. Mtoto wao Lusia anakusalimu, ameng'oka meno mawili ya mbele na anasema usije kabla hayajaota, anaona aibu. Baba yako mdogo Ndaki anakusalimu, bado anakohoa na bado anavuta. Mpangaji wetu wa chumba cha mbele, Pudensiana, yule mpiga chapa wa halmashauri, anakusalimu na anauliza bei ya vitenge huko Morogoro. Jirani Rahim wa dukani na mkewe Hadia wanakusalimu. Kuku nao wanakusalimu, wamebaki saba.

Na sisi sote tunamsalimu mkwe wetu Venant. Mwambie hapa tunamhesabu mtu wa nyumbani.

Barua yako ilikuja na treni ya Jumatano. Umesema Bibi Romana, matroni wenu mstaafu ambaye unapanga kwake, anauza ile nyumba na amekupa wewe nafasi ya kwanza mpaka mwisho wa Septemba. Umesema benki inaweza kukusaidia kwa rehani. Mimi elimu yangu ni ya ngumbaru, lakini kusikia nasikia. Nieleze pole pole. Benki ikishaishika nyumba, nani analala ndani? Ni kama sisi tunavyoweka ng'ombe kwa watu? Baba yako alipoweka ng'ombe watano kwa Manyanda kule Kibaoni, Manyanda anakunywa maziwa, ndama ni wetu, na siku tukiwataka tunakwenda na fimbo tunawaswaga. Sasa benki inakunywa nini?

Jambo lingine. Venant alisema wazee wake wataleta ng'ombe wa mahari baada ya mavuno. Kwao wanavuna mwezi gani? Nyanda anauliza sana.

Mimi mama yako,
Kabula


Morogoro, 9 Machi 1993

Mayu,

Mwangaluka mayu. Mimi ni mzima na kazi ya wodini inaendelea. Nashukuru kwa salamu za wote mpaka kuku. Lusia mwambie hapa wodini tuna watoto wasio na jino hata moja na hawaoni aibu. Pudensiana mwambie vitenge vimepanda, asubiri.

Umeuliza, nami nakujibu. Ndani nalala mimi. Benki inakunywa riba. Mimi natoa theluthi ya bei mkononi, benki inatoa iliyobaki, halafu nalipa kila mwezi kwa miaka kumi, nyumba yenyewe ikiwa rehani. Wenye mishahara miwili ndani ya nyumba wanapokewa kwa kicheko. Mwenye mshahara mmoja kama wangu anaambiwa alete rehani nyingine ya kuongezea.

Kila mtu hapa anatafuta njia yake. Shamsia, mpangaji mwenzangu, anauza mitumba na kwa mwezi ananipita mara mbili, lakini hana karatasi ya mshahara. Benki walimwomba madaftari ya biashara ya miaka mitatu. Akasema daftari lake ni kichwa. Wakamwambia, "Dada, kichwa hatukichukui rehani." Sasa amenunua kiwanja Kihonda, mwaka huu msingi, mwakani Mungu akipenda kuta. Karani wetu wa hospitali alipitia chama cha kuweka na kukopa. Mkopo wao ni mdogo, ila hawataki nyumba ya mtu, wanataka wadhamini wawili wanaojua unapokaa. Wengine huelewana na mwenye nyumba mwenyewe, nusu leo na nusu kidogo kidogo. Lakini Bibi Romana anarudi kwao Ifakara na anataka fedha yake kwa mkupuo. Kwa hiyo imebaki benki.

Naomba jambo moja, mayu. Ile hati ya nyumba yetu ya Mpanda, ambayo baba aliiandikisha kwa jina lako, nitumie kwa rejista pamoja na picha zako mbili za pasipoti.

Wako,
Kija


Mpanda, 2 Mei 1993

Kwa binti yangu Kija,

Barua yako ilikaa njiani mwezi mzima. Reli ilikatika upande wa Kaliua, maji yalichukua mawe chini ya vyuma, vyuma vikabaki vinaning'inia kama kamba ya kuanikia. Wasafiri walikula mihogo ya watu mpaka ikaisha.

Sisi hatujambo. Nyanda alikwenda Ikola kununua dagaa, akarudi na nusu gunia na malaria. Sasa amepona. Matilda anasubiri siku zake. Ndaki anakohoa. Pudensiana naye anataka kununua kiwanja hapa Mpanda. Mwajiri atamkopesha na kumkata kwenye mshahara. Nilimsomea maelezo yako, akayaandika kwenye kitabu chake. Kuku wamekuwa kumi na wanne, mmoja anataga kitandani kwangu, nikimfukuza ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Hadia amejifungua pacha. Nilikwenda kupika uji siku tatu.

Nimesoma hapo ulipoandika mshahara mmoja. Venant amepunguzwa kazini? Siku hizi redio inasema wengi wanapunguzwa. Kama amepunguzwa si aibu. Lakini mwambie wazee wake waje hata mwezi wa sita. Tulisema ng'ombe kumi. Wakija na wanane hatutawafungia mlango. Na wakitanguliza watatu, wengine wafuate, pia sawa. Msalimu sana.

Picha nimepiga, nimeziweka humu. Kwenye moja nimefumba jicho, mpiga picha alikataa kurudia.

Mimi mama yako,
Kabula


Morogoro, 30 Mei 1993

Mayu,

Mwangaluka. Picha zimefika, jicho halina neno. Hati haikuwemo. Nilipasua bahasha mpaka kwenye gundi nikidhani imenata.

Nyanda ameze dawa zake zote, asiache akijisikia nafuu. Matilda aende kliniki mapema, asingoje uchungu ndipo atafute baiskeli.

Venant kazi anayo.

Kuna mfanyabiashara wa mbao alikuja juzi kuitazama nyumba. Alipima ua kwa hatua zake, akagonga ukuta kwa kidole, akauliza mti wa mpera utakatwa lini. Bibi Romana alimwambia kuna mtu ana ahadi mpaka mwisho wa Septemba. Baada ya hapo hana ahadi na mtu, na sisi wapangaji tutafute pa kwenda. Mayu, hiki ni chumba changu cha nne toka nianze kazi. Kila nikihama, kitanda kinavunjika mguu.

Naomba hati.

Kija


Mpanda, 11 Julai 1993

Kwa binti yangu Kija,

Matilda amejifungua salama, mtoto wa kiume, amepewa jina la marehemu baba yako. Alifika kliniki kwa miguu yake kama ulivyosema. Lusia anasema mtoto hafai kwa sababu hana meno, ndipo tukamkumbusha yeye mwenyewe. Nyanda ni mzima, ila hatulii, anakwenda stesheni kila treni ikiingia kuuliza barua. Ndaki amelazwa siku nne, ametoka. Pudensiana amepata kiwanja chake, watamkata miaka mitano, anacheka peke yake jikoni. Rahim na Hadia wanasalimu, pacha wananenepa.

Umeuliza hati mara mbili. Hati ipo na ni nzima. Hata mwezi huu nimekwenda kuiona. Haina mende wala unyevu.

Mavuno yamekwisha, mpunga umeingia, mahindi yameingia, hata karanga. Hatujaona mtu wa Venant. Kija, mimi si mtu wa kulilia ng'ombe wa watu, unanijua. Lakini nataka kujua siku. Sitaki kitu kingine, nataka siku. Kuna watu hapa wamepewa ahadi juu ya siku hiyo.

Hujawahi kurudisha salamu zake. Nimezipitia barua zako zote, nimezilaza kitandani kwa mpangilio. Hakuna hata moja.

Mimi mama yako,
Kabula


Morogoro, 1 Agosti 1993

Mayu,

Hongereni kwa mtoto. Nimefurahi kwa jina lake.

Hati inakaa wapi mpaka uende kuiona? Nilijua iko kwenye kasha chini ya kitanda chako. Mtu haendi kutembelea kitu kilicho chini ya kitanda chake.

Hilo nakuuliza, na langu nalisema, maana siwezi kudai la kwako huku nimefunika la kwangu. Venant alihamishiwa Singida mwaka jana mwezi wa kumi na mbili. Januari aliandika kwamba amepata mtu huko na wanafunga ndoa. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, na nusu yake anaulizia redio yake aliyoiacha kwangu. Nimempelekea. Hakuna wazee watakaokuja, mayu. Hakuna wanane wala watatu.

Tulipanga kuinunua nyumba hii watu wawili, kwa mishahara miwili. Alipoondoka yeye ukabaki mmoja, ndiyo maana nikaiomba hati. Nilikuwa nataka kukuambia toka Februari. Ila kila barua unamsalimu kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza, nikashindwa.

Sijambo. Nakula, nalala, nakwenda kazini.

Kija


Mpanda, 29 Agosti 1993

Kwa binti yangu Kija,

Nimeipokea. Nimemsomea Nyanda, akatoka nje, akarudi, akaniambia nisome tena.

Sasa sikia na la huku. Mwaka jana Nyanda alichukua fedha kwa Rahim akanunue mpunga Kibaoni, auze hapa. Lori lilizama kwenye tope kabla ya Sitalike, likakaa siku tisa mvua ikilipiga, mpunga ukaota ndani ya magunia. Ulikuwa kijani kabisa, ungedhani ni bustani. Rahim hakupiga kelele. Alitaka kitu cha kushika tu. Nyanda akamwambia, shika hati ya nyumba, dada yangu anaolewa, na nesi kama yeye hatolewi kwa ng'ombe wachache, wakifika nakulipa tarehe hiyohiyo.

Nyanda hakuiiba hati. Niliipeleka mimi kwa mkono wangu. Nilimkabidhi Rahim kama tunavyokabidhi ng'ombe, mbele ya Ndaki na Pudensiana, nikamtajia alama zake: ina muhuri mwekundu, kona ya chini imeliwa na panya, mgongoni kuna doa la mafuta ya taa. Ndaki akasema nimeshuhudia. Kila mwezi nikawa nakwenda kuiona, maana hata ng'ombe wa kuweka usipomtembelea mwenye kumtunza anasahau ni wa nani. Rahim anafungua sanduku, ananionyesha, ananipa na peremende ya Lusia. Mimi nikaona basi, mambo yanakwenda kwa desturi.

Baada ya barua yako nilikwenda kwake na fimbo. Kweli, fimbo ya baba yako. Duka limejaa watu.

Nikasema, "Rahim, nimekuja kumchukua ng'ombe wangu."

"Ng'ombe yupi, mama Nyanda?"

"Yule mwenye kona iliyoliwa."

Akaelewa. Akasema, "Mama, yule anatoka deni likishaingia."

"Ng'ombe hawekwi hivyo. Mwenyewe akija, anapewa."

"Ndiyo maana mimi sifugi, mama," akasema. "Nauza sukari."

Watu wakacheka. Hadia akaniletea kiti na maji. Rahim hakunidharau, alinisindikiza mpaka mlangoni akiwa amenishikia fimbo. Lakini nilirudi mikono mitupu.

Kwa hiyo mwaka mzima mimi namsalimu Venant kwa sababu ya hati, na wewe unadai hati kwa sababu ya Venant. Kumbe tulikuwa tunangojeana.

Kesho naondoka na lori la chumvi kwenda Kibaoni kwa Manyanda. Nyanda anasema goti langu halitaweza. Goti halijaulizwa. Andika hivyohivyo, nikirudi niikute barua.

Mimi mama yako,
Kabula


Morogoro, 12 Septemba 1993

Mayu,

Sijui kama umerudi. Mungu akujalie hata lori lenyewe lisizame.

Sina hasira na Nyanda. Nilikuwa nayo siku mbili, ikaisha wodini.

Kuna jambo sikukueleza vizuri kwenye barua ya mwezi wa tatu. Nilisema benki inakunywa riba, nikanyamaza. Sikusema juu ya fimbo. Kwenye rehani fimbo anayo benki, mayu. Juzi nilirudi benki, nikakaa mbele ya kijana wa mikopo, nikamwuliza, nikishindwa miezi kadhaa, mnakuja kuchukua nini? Akasema tunaanza na ile unayokaa. Isipotosha? Akafungua jalada, akaonyesha picha yako ile ya jicho, akasema, "Tunakwenda kwa huyu." Alisema kwa upole, ndiyo kazi yake. Nikamwomba anirudishie picha zako, mkopo nikauacha. Nilikuwa nalijua hilo toka mwanzo, na bado nilikuandikia unitumie hati. Nisamehe.

Usiikomboe hati kwa ajili yangu. Ikomboe kwa ajili yako, uiweke chini ya kitanda, ikae.

Bibi Romana nilimweleza yote, maana nilichoka kufunika. Aliniuliza, "Kumbe toka Januari nasubiri fedha ya mwanaume aliye Singida?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema basi nimpe nusu kabla Septemba haijaisha, na nusu ya pili nilipe kila mwezi kwa miaka miwili kwa mwanawe anayefanya kazi hapa posta. Tutaandikiana mbele ya wakili. Shamsia atabaki kwenye chumba chake, kodi yake itanisaidia kulipa mpaka kuta zake za Kihonda zisimame.

Nusu ni laki mbili na arobaini. Akiba yangu na mkopo wa chama vinafika laki moja na hamsini. Sikuombi kitu. Nakueleza tu ili safari hii ujue yote.

Kija


Mpanda, 25 Septemba 1993

Kwa binti yangu Kija,

Nimerudi mzima na goti limerudi na mimi. Nyanda anakusalimu, ingawa leo hajaongea vizuri, utajua sababu. Matilda anakusalimu. Mtoto anakusalimu, amejua kucheka. Lusia anakusalimu kwa meno mapya. Ndaki anakusalimu, amepunguza tumbaku kwa siku moja. Pudensiana anakusalimu. Rahim na Hadia wanakusalimu, safari hii bila sanduku katikati yetu.

Manyanda ni mtu. Nilimkuta mwenyewe, wala hakuniuliza kwa nini nimekuja na fimbo. Alimwita kila ng'ombe kwa jina la mama yake. Watano wa baba yako walizaa, wengine walikufa kwa ugonjwa, mmoja ameliwa na simba. Alinitolea ngozi ya huyo ng'ombe na masikio yote mawili, amevitunza toka mwaka wa juzi ili nisije nikasema amekula. Wamebaki wanane. Nimempa mtamba mmoja wa shukrani. Wawili nimewaacha wamwangalie mjukuu. Watano niliwauza mnadani.

Fedha ya watatu ilikwenda kwa Rahim. Alihesabu, akafungua sanduku, nikamtajia alama moja moja: muhuri, kona, doa. Ndaki akasema nimeshuhudia. Hati iko chini ya kitanda changu na kuku yule analala juu yake. Kija, ng'ombe ukimweka anarudi na ndama. Karatasi nimeiweka mwaka mzima, imerudi vilevile, na ng'ombe watatu wamekwenda. Haizai. Sitakutumia, na wewe usiniombe tena hata ukipata benki ya malaika.

Fedha ya wawili ni yako. Barua yako nilikuwa nimeikuta mezani, nikahesabu kwa vidole, nikaona inafika na kupita kidogo. Nimepeleka posta kwa hawala ya simu jana asubuhi, itakufikia kabla ya barua hii. Elfu tisini na mbili. Elfu mbili ya juu ni ya mguu wa kitanda.

Nyanda alikasirika. Alisema mbele ya Ndaki, "Mama, toka lini ng'ombe wanatoka nyumbani kwa ajili ya binti? Binti ndiye anayewaingiza. Watu watatucheka." Nikamwambia watu walishatucheka dukani na hatukufa. Nikamwambia wewe ulikwisha kula mahari ya dada yako kabla haijafika, ukaila mbichi, ikiwa imeota majani. Mwaka huu mahari inatoka. Ndaki aliwasha tumbaku, akasema, "Nimeshuhudia." Basi Nyanda sasa anafunga milango kwa nguvu.

Kwa hiyo ukiandikiana na Bibi Romana mbele ya wakili, jina liwe lako peke yako. Siku akitokea mwingine wa kukuoa, akukute ndani ya nyumba yako, naye alete ng'ombe kama watu. Sitamsalimu kabla sijamwona.

Sasa nina neno moja na ulijibu haraka, treni hiyohiyo itakayoleta barua hii irudi na yako. Niambie mlango wa mbele wa hiyo nyumba unatazama wapi. Nyumba tatu ulizopanga kabla ya hiyo sikuuliza, nilijua utahama. Hii nataka kuijua. Nikikaa hapa uani jioni, nijue na wewe jua linakuingilia upande gani.

Mimi mama yako,
Kabula